Jua Lisipotee Njiani: Vidokezo 12 vya Umeme wa DC, Betri na Chaji ya Bodaboda

Paneli ya sola inazalisha umeme wa DC. Betri inahifadhi DC. Taa ya LED, simu, kompyuta mpakato, redio, hata televisheni bapa ya siku hizi, vyote ndani vinakula DC. Sasa tazama mifumo mingi inayofungwa majumbani mwetu: umeme unatoka kwenye betri ukiwa DC, inveta inaugeuza kuwa AC ya volti 230, unapita mita kumi ukutani, unafika kwenye adapta ya simu, na adapta inaurudisha kuwa DC. Umegeuzwa mara mbili kwa safari ya kutoka stoo hadi sebuleni, na kila mara sehemu yake imetoroka kama joto. Shika adapta iliyo kazini, utalisikia joto hilo kiganjani.

Vidokezo hivi ni vya mwenye paneli moja na mwenye paneli kumi, mwenye duka, na yule anayepigia hesabu bodaboda ya umeme. Vingi havigharimu kitu zaidi ya kupanga vizuri.

1. Andika nyumba inakula nini

Chukua karatasi kabla hujaenda dukani. Taa tano za wati 5, saa tano kila usiku: wati-saa 125. Televisheni ndogo ya wati 25, saa tano: 125 nyingine. Feni ya DC ya wati 15, saa nane: 120. Simu nne, tuseme wati-saa 20 kila moja: 80. Jumla ni 450, chini ya nusu uniti ya LUKU.

Sasa ongeza inveta. Inveta ya kilowati moja au mbili ikiwa imewashwa tu, bila chochote kuchomekwa, inaweza kula wati 10 hadi 30. Tuchukue 20. Kwa saa 24 ni wati-saa 480.

Linganisha namba hizo mbili. Inveta ambayo haijafanya kazi yoyote imekula kuliko familia nzima! Ndiyo maana mtu analalamika kwamba betri haifiki asubuhi, anauziwa betri ya pili, na baada ya miezi michache analalamika tena. Kasoro haikuwa kwenye betri. Hesabu hii ya dakika kumi ingemwokolea fedha nyingi, nami natamani kila fundi angeifanya mbele ya mteja kabla ya kutaja bei.

2. Taa, simu, feni na ruta vipelekee DC moja kwa moja

Vifaa hivi vinne ndivyo vinavyowaka muda mrefu zaidi, na vyote vinapatikana vya volti 12. Ruta nyingi za intaneti tayari zinatumia volti 12 au 9; soma maandishi yaliyo kwenye adapta yake. M-KOPA, iliyoanza Kenya mwaka 2012 kwa kuuza sola ya malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, ilifika vijijini kwa njia hii hii: paneli ndogo, betri, taa, waya wa kuchajia simu, na hakuna inveta hata moja.

Angalizo moja. Betri inayoitwa ya volti 12 haikai kwenye 12. Jua likiwa kali na chaji ikikaribia kujaa, inapanda hadi volti 14 na ushee. Taa nyingi za sola zinavumilia, lakini televisheni au ruta iliyotengenezewa volti 12 kamili inaweza kuungua. Weka katikati kidhibiti cha DC kwa DC, kile kiboksi kidogo kinachopokea volti zinazopanda na kushuka na kutoa 12 zilizotulia. Nacho kinapoteza umeme kidogo, ila ni kidogo sana ukilinganisha na inveta na adapta vikiwa pamoja.

Kompyuta mpakato nazo sasa zinachajiwa kwa USB-C, ambayo tangu kiwango kipya cha 2021 inaweza kupitisha hadi wati 240. Chaja ya gari ya USB-C, ikifungwa kwenye betri ya sola, inatosha kwa kazi za ofisi ya nyumbani. Hakikisha tu imeandikwa wati zinazofikia zile za kompyuta yako.

3. Inveta ibaki, ila iwe na ratiba

Blenda, cherehani ya umeme, mashine ya kunyolea dukani: hivi vinaihitaji. Iwashe vinapofanya kazi, izime vikimaliza. Iweke swichi mahali mkono unapofika kwa urahisi, kwa sababu swichi iliyo nyuma ya kabati hakuna atakayeizima. Kama unanunua mpya, uliza wati zake ikiwa imewashwa bila mzigo. Muuzaji asiyejua akufungulie karatasi ya maelezo. Pasi na hita ya maji ziache kabisa, labda kama mfumo wako ni mkubwa kweli.

4. Umbali ukiongezeka, pandisha volti au nenepesha waya

Hapa ndipo mifumo mingi ya DC inapopata sifa mbaya isiyostahili. Taa ya chumba cha mwisho inafifia, na watu wanasema DC haina nguvu. Tufanye hesabu.

Una mzigo wa wati 60 mita 10 kutoka kwenye betri. Kwa volti 12, mkondo ni ampea 5. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa kawaida wa taa, umeme unakwenda mita 10 na kurudi mita 10, na njiani zinapotea takriban volti 1.2. Hiyo ni karibu asilimia 10 ya volti zote. Ukiweka waya wa milimita 4, upotevu unashuka chini ya asilimia 4. Ukiacha waya ule ule mwembamba lakini mfumo ukawa wa volti 24, upotevu ni asilimia 2 na nusu hivi. Kwa volti 48 haufiki asilimia 1.

Unaona mwenendo wake: volti zikiongezeka maradufu, mkondo unapungua nusu, na joto linalopotea kwenye waya linapungua kuwa robo. Kwa chumba kimoja au viwili, volti 12 zinatosha. Nyumba yenye friji na pampu, anza na 24. Ukipita kilowati mbili tatu, au ukiwa na duka na nyumba kwenye kiwanja kimoja, nenda 48.

Kanuni hii haiishii nyumbani. Mwaka 1882 Thomas Edison alipoanza kuuza DC mjini New York kutoka kituo cha Pearl Street, alitumia volti kama 110, na umeme wake haukuweza kwenda mbali kwa faida. AC ilimshinda kwa sababu transfoma ziliweza kupandisha volti zake kwa urahisi. Leo vifaa vya elektroniki vinapandisha volti za DC pia, na masafa marefu yamerudi kwake. Tangu 1982 Kongo inasafirisha umeme wa bwawa la Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, kwa DC. Na tangu mwishoni mwa 2022 umeme wa Ethiopia unaingia Kenya kwa laini ya DC ya volti 500,000, zaidi ya kilomita 1,000, kutoka Wolayta Sodo hadi Suswa, ikiwa na uwezo wa megawati 2,000. Anayekuambia DC ni ya taa tu, mpeleke Suswa akaone.

5. Swichi ya AC usiikabidhi DC kali

Umeme wa AC unafika sifuri mara 100 kila sekunde, kwa hiyo cheche inayoruka swichi inapofunguka inazimika yenyewe. DC haifiki sifuri. Cheche yake inaweza kuendelea kuwaka kati ya vidole vya swichi, ikayeyusha plastiki na kuanzisha moto. Kwa taa ya wati 5 hutaona shida. Kwa nyaya za paneli zilizounganishwa mfululizo, au za betri ya volti 48, ni hatari ya kweli. Breka iwe imeandikwa DC pamoja na volti zake. Ukiona breka ya DC yenye alama za kujumlisha na kutoa, fuata alama hizo bila kubahatisha, maana aina hiyo ikifungwa kinyume inaweza kushindwa kuzima cheche. Wala usichomoe viungio vya paneli wakati umeme unapita. Zima mzigo kwanza.

6. Fyuzi ikae karibu na betri

Iwe kwenye waya wa kujumlisha, sentimita chache kutoka kwenye betri. Fyuzi iliyo mwisho wa waya haiulindi waya huo, na betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja.

7. Nenda dukani na mizani na futi kamba

Maandishi ya kwenye boksi yanaweza kudanganya. Uzito na eneo ni vigumu kuvidanganya.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 28 hadi 30 hivi. Ukiletewa ya kilo 18 yenye maandishi hayo hayo, ndani hamna risasi ya kutosha. Ya lithiamu yenye uwezo huo ni nyepesi, kilo 10 hadi 13, lakini ikiwa kilo 6, iache hapo hapo.

Paneli nayo ipime. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri inatoa kama wati 200 jua likiwa kali. Paneli yenye eneo la mita moja ya mraba inayodai wati 300 haisemi kweli, hata kama ina stika ya dhahabu. Wauzaji waaminifu hawachukii ukipima. Wengine watakusaidia kushika futi.

8. Betri ihukumu kwa maisha yake yote

Betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo ile ya ampea-saa 100 inakupa wati-saa 600 tu za kutumia kila siku, na ukiifanyisha kazi hivyo itadumu mizunguko mia kadhaa, kama mwaka mmoja hadi mitatu. Lithiamu ya aina ya LFP yenye ampea-saa hizo hizo inakupa 1,000 na zaidi, na nyingi zimetengenezwa kwa mizunguko 2,000 au zaidi ya hapo. Pia inarudisha karibu asilimia 95 ya umeme uliouingiza, wakati ya risasi inarudisha kama 80.

Gawanya bei kwa uniti zote ambazo betri itakupa hadi ife. Mara nyingi lithiamu inashinda, ingawa siku ya kununua inauma. Mwenye mtaji mdogo anayewasha taa mbili na simu bado anaweza kuanza na betri ya risasi bila aibu, mradi asiimalize kila usiku.

LFP haina kobalti wala nikeli, na inavumilia joto kuliko aina nyingine za lithiamu, jambo la maana kwetu kuanzia Tanga hadi Lamu. Hata hivyo usiifungie kwenye boksi la bati juani. Iweke ndani, chini, penye hewa. Na usitegemee volti kujua imebaki kiasi gani: LFP inakaa karibu na 13.2 kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inaporomoka ghafla. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

9. Kontrola ya chaji: aina, mpangilio, mfuatano

Ukifunga paneli kubwa ya wati 300, yenye volti 32 hivi, kwenye betri ya volti 12 kwa kutumia kontrola rahisi ya PWM, utapata kama wati 120 tu. Zilizobaki zinapotea. Kontrola ya MPPT inashusha volti na kuongeza ampea, ikakuletea karibu zote. PWM inafaa kwa paneli ndogo iliyotengenezewa betri ya volti 12.

Ukihama kutoka betri ya risasi kwenda lithiamu, badilisha mpangilio wa kontrola siku hiyo hiyo. Mpangilio wa betri ya maji una hatua ya kupandisha volti hadi 15 na zaidi mara kwa mara, na lithiamu haiitaki hata kidogo.

Wakati wa kufunga, betri iunganishwe kwanza na paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli itoke kwanza. Kontrola nyingi zimeungua kwa kukosea mfuatano huu tu.

10. Si kila akiba lazima ikae kwenye betri

Kidokezo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kama una kisima na simtanki, pampu ya DC inaweza kufungwa kwenye paneli kupitia kontrola yake, bila betri kabisa. Jua likitoka inasukuma, wingu likipita inapunguza mwendo, jioni tanki limejaa. Maji yaliyo juu ya mnara ndiyo akiba yako, na tanki halichakai kwa kuchajiwa.

Zahanati nyingi zisizo na umeme wa gridi zinafanya hivyo na chanjo. Zipo friji maalumu za jua zinazogandisha barafu mchana na kutumia ubaridi huo usiku, kwa sababu betri zilizokufa zilikuwa chanzo kikubwa cha friji za zamani kusimama. Muuza samaki na muuza juisi wanaweza kuiga: friji ya DC yenye kuta nene, ijazwe chupa za maji, na iachwe igandishe kwa nguvu saa za jua. Usiku betri itakuwa na kazi ndogo.

11. Bodaboda ya umeme: hesabu kilomita kwanza, chaji baadaye

Pikipiki ya umeme ya kazi inakula takriban wati-saa 35 kwa kilomita, ikizidi ukiwa na abiria na milima. Kilomita 100 kwa siku ni uniti tatu na nusu kutoka kwenye betri, na kama nne kwenye soketi, kwa sababu chaja nayo inapoteza. Pikipiki ya petroli kwa kilomita hizo inakunywa kama lita mbili na nusu. Zidisha kila upande kwa bei ya leo ya mtaani kwako, uone.

Je, utachaji kwa sola ya nyumbani? Uniti nne kwenye soketi, ukihesabu upotevu wa inveta na betri ya ukutani, zinahitaji kama uniti 4.7 kutoka kwenye paneli. Hiyo ni zaidi ya kilowati moja ya paneli, pamoja na betri kubwa ya ukutani, kwa sababu jua liko juu wakati pikipiki iko barabarani. Paneli zako mbili za taa haziwezi, na anayekuambia zinaweza hajapiga hesabu. Ukiwa na betri mbili za pikipiki hesabu inabadilika: moja inafanya kazi, nyingine inachajiwa mchana jua likiwa juu, na betri ya ukutani huihitaji.

Ndiyo maana biashara ya kubadilishana betri imekua. Kampuni ya Ampersand iliianza Kigali mwaka 2019: dereva anafika na betri iliyoisha, anaondoka na iliyojaa ndani ya dakika chache. Kwa anayeishi penye gridi, usiku ndio wakati mzuri wa kuchaji. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya moto vya umeme mwaka 2023, na saa za usiku ambazo matumizi yako chini ni nafuu zaidi. Ukiwa huko, uliza masharti ya kufungiwa mita hiyo.

Betri ya pikipiki ikitoka juani ikiwa ya moto, iache ipoe nusu saa kabla ya kuichaji. Tumia chaja yake yenyewe. Usiichaji chumba mnacholala wala kwenye korido mnayotokea, na ikivimba au ikizama kwenye mafuriko, itoe nje, usiichaji tena, mwite fundi wa kampuni husika.

12. Gari: soketi ya ukutani na tundu la chaji

Soketi yetu ya pini tatu inaandikwa ampea 13, lakini kuivuta hivyo kwa saa kumi mfululizo ni kuiomba iyeyuke. Punguza hadi ampea 10, yaani kilowati 2.3 hivi, na fundi aivutie soketi hiyo waya wake mnene na breka yake. Nissan Leaf ya zamani yenye betri ya uniti 24 itajaa usiku kucha.

Chaji ya haraka ya DC hufanya lile tulilokuwa tukilisema tangu mwanzo: kituo kinageuza umeme chenyewe na kuumimina moja kwa moja kwenye betri, kikiiruka chaja ndogo iliyo ndani ya gari. Ni nzuri safarini. Leaf ya zamani haina mfumo wa maji wa kupoza betri, kwa hiyo chaji hiyo usiifanye kuwa mazoea ya kila siku, hasa kwenye joto la pwani.

Ukinunua Leaf iliyotumika, washa dashibodi uhesabu vile vipande vidogo vya afya ya betri pembeni ya kipimo cha chaji. Mpya ina 12, na vikiwa vimepungua, bei ishuke navyo. Kisha angalia tundu la DC. Leaf kutoka Japani ina CHAdeMO, magari mengi yaliyotengenezewa soko la China yana GB/T, ya Ulaya yana CCS2, na tundu la mfumo mmoja halipokei plagi ya mwingine. Piga picha plagi ya kituo kilicho karibu nawe, mtumie muuzaji, na akujibu kabla gari halijapakiwa melini.